Manyoya ya Jogoo wa Persis

Hebu mwone akifika soko la Nyakoe, mkebe wa biskuti kwapani, yule mama anayenunua manyoya ya kufunga kwenye ndoana hadi samaki adhani ni nzi. Kila unyoya anaupinda kidoleni. Nyuzi zake nyembamba zikisimama, anauchukua. Jumamosi Persis alimletea manyoya ya jogoo wake wa pekee, aliyemchinja kwa ajili hiyo. Yule mama akaupinda mmoja, nyuzi zikalala.

"Ulimtia maji moto, dada?"

"Kwani kuku ananyonyolewa aje, mama?"

"Akiwa mkavu."

Yule mama akaona unyoya mmoja umenasa kwenye sweta ya Persis, haujaguswa na maji. Akaupinda, nyuzi zikasimama zikimetameta. Akaulaza mkebeni polepole. "Mwaka huu sijaona jogoo kama wako." Niambie wewe msomaji, hapo alimfariji au alimwongezea uchungu?