Siku Mama Alipotulipia Kuona Wanyama

Mama alilipia siku ile kwa sambaza. Kila alfajiri alikuwa akinunua beseni la samaki hao wadogo wa ziwani, anawakaanga, anawauza kwa kikombe mbele ya nyumba yetu, mtaani Mabanga. Mtaji wake aliufunga kwenye ncha ya kitenge, kiunoni. Siku moja kabla ya Idi alifungua fundo hilo, akatoa zaidi ya nusu, akaniambia kwamba kesho yake tunaenda wote kuona wanyama.

Nilidhani uchovu umempanda kichwani. Hela ile ingetupa nyama ya wiki mbili, na sabuni juu. Katika ukoo wetu hakuna mtu aliyewahi kulipa ili aone mnyama. Wanyama tuliowajua ni mbuzi wa jirani na panya.

Sikuuliza. Mimi si msemaji. Hata shuleni, ambako nilimaliza la sita nikaishia hapo, mwalimu angeweza kuita majina yote nami nikaitika kwa sauti isiyomfikia. Lakini Mama aliona nimeacha kuosha samaki. Akasema bila kuniangalia:

"Nataka nimuone Papa yako siku moja. Siku moja tu, kutoka asubuhi mpaka jioni, bila kupiga mutu. Akiweza, tunabaki. Akishindwa, nawapeleka Bukavu kwa kaka yangu. Usimwambie."

"Si tumuangalie hapa nyumbani?"

"Hapa anapiga kwa sababu ya mlango, kwa sababu ya sahani, kwa sababu mvua imenyesha. Nataka nijue: ni nyumba, ama ni yeye."

Papa hakuzaliwa hivyo. Alikuwa dereva wa lori, akileta makabichi na viazi kutoka Rutshuru. Mwaka uliotangulia, watu wenye silaha walisimamisha lori lake karibu na Kalengera, wakamwingiza porini pamoja na kijana aliyekuwa msaidizi wake. Mwenye lori alilipa. Papa akarudi, kijana hakurudi. Papa alikuwa na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, na hakusimulia neno.

Tangu hapo alimvunja mdogo wangu mkono kwa sababu ya kikombe kilichoanguka. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Mimi alinichapa kwa waya wa umeme mpaka ngozi ya mgongo ikafunguka, kwa kuwa nilimwamsha kwa ghafula. Mama naye alishikwa kichwa, kikagongwa ukutani, tukasikia ukuta wa mbao ukilia. Baada ya kila kipigo Papa alikaa akala chakula chake. Majirani walisema atapona, mpeni muda. Muda ulikuwa unapita juu ya migongo yetu.

Asubuhi ile Papa alivaa kanzu yake ya Idi. Alikuwa mchangamfu, akauliza kama simba nao wamevaa vipya. Tulichukua pikipiki mbili, yeye na mdogo wangu kwenye moja, Mama na mimi kwenye nyingine, tukaelekea barabara ya Sake. Bustani yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja, ukuta wa mawe meusi ya volkano, maua, na vizimba nyuma ya maua. Mlangoni kulikuwa na mlinzi mwenye kofia ya sufu, na Mama akaanza kupunguza bei kama yuko sokoni.

"Mukubwa analipa yote, mutoto analipa nusu," alisema mlinzi.

"Na huyu binti yangu? Huyu hata haongei. Hatasumbua wanyama wako."

"Mama, hata samaki haiongei, na wewe unaiuza. Si nakujua? Mabanga, sambaza kidogo, chumvi mingi!"

Watu waliokuwa nyuma yetu walicheka. Papa naye alicheka. Mama akanibana mkono kwa furaha, akalipa bila kupunguziwa hata franka moja.

Ndani tulinunua soda. Mdogo wangu alitaka kukimbia nayo, akajikwaa, na soda yote nyekundu ikamwagika kwenye kanzu nyeupe ya Papa, kutoka kifuani hadi magotini. Mdogo wangu alisimama palepale. Hakulia. Mama aliacha kupumua, nilimsikia akiacha. Papa aliangalia kanzu, akaangalia mkono wake wa kulia, akauingiza mfukoni.

"Si kitu," alisema. "Itafuliwa. Twende."

Tukaenda. Mama alitembea nyuma yao akijifuta macho kwa mtandio, na mimi nikaanza kuamini kwamba ilikuwa nyumba.

Tuliona kobe. Tukaona chatu aliyelala nyuma ya kioo, na ndani pamoja naye sungura hai aliyekuwa anatetemeka kwenye kona, akingoja. Mdogo wangu aliuliza sungura ana kosa gani. Kwenye kizimba cha nyani watu walikuwa wakirusha ndizi ili waone ugomvi. Nyani dume alimkamata jike aliyewahi ndizi, akamburuta kwa sikio, akamng'ata begani mpaka nyama nyeupe ikaonekana. Yule jike alimeza ndizi huku akipiga kelele. Watu wakarusha nyingine.

"Kwetu Masisi hawa wanakula mahindi yetu bure," alisema mama mmoja mnene karibu nasi. "Hapa nimetoa hela ili niwaone wakishiba. Nikirudi nitaficha habari hii kwa mume wangu!"

"Mume wako yupi?" alimjibu mwenzake. "Yule anayekula kama wao?"

Walicheka mpaka wakashikana. Papa hakucheka tena. Alikuwa anaangalia damu kwenye manyoya ya jike. Mama aliona, akasema tukae majanini tule chapati tulizobeba. Lakini kengele ikapigwa, na watu wote wakaelekea uwanja mdogo wa saruji, kwa kuwa ilikuwa saa ya sokomutu. Ndivyo tunavyomwita sokwe. Mdogo wangu alimvuta Papa mkono. Kuona sokomutu kulikuwa na malipo ya pembeni, Mama akafungua tena kitenge.

Alikuwa sokomutu mzee, kifua kimepata mvi, na mnyororo shingoni. Mtunzaji wake alikuwa kijana mwenye buti za plastiki na fimbo ya mti mgumu, unene wa kidole gumba. Mwanzoni sokomutu alipiga saluti ya kiaskari, watu wakashangilia. Akaketi kwenye kiti, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine. Wakashangilia zaidi.

"Sasa atawapigia makofi ya Idi!" alitangaza yule kijana. "Piga makofi, muzee! Piga!"

Sokomutu hakupiga. Alikuwa amechoka, au hakutaka. Kijana alimchapa kwenye miguu. Sokomutu aliinua mikono, akaigusanisha mara moja, akaishusha. Kijana akamchapa kwenye vidole. Sauti ya mfupa ilisikika hadi tulipokuwa, na sokomutu akavipeleka vidole mdomoni kama mtu aliyeungua.

Watu walicheka. Nasema kweli, hata mimi midomo yangu ilijivuta.

"Muache," alisema Papa.

"Muzee, umelipa ili uone," alijibu kijana bila kugeuka. "Ona sasa. Piga makofi, weye! Piga!"

"Nimesema muache."

"Ama unataka kuja kupiga mahali pake?"

Papa aliruka kamba. Alimpokonya fimbo, na pigo la kwanza lilimpata kijana sikioni. Kijana alianguka kwenye saruji akitaka kusema kitu, pigo la pili likamwingia mdomoni. Kisha sikuweza tena kutofautisha mapigo. Papa hakutukana, hakupiga kelele. Alipiga kwa kasi moja, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, jioni watoto wakiwa na njaa. Kijana alijifunika uso, Papa akapiga mikono. Alipokunja mikono tumboni, Papa akarudi usoni. Buti moja ilitoka mguuni. Damu ilifuata mstari wa saruji hadi kwenye mfereji mdogo wa maji. Sokomutu alikuwa amekimbilia mwisho wa mnyororo, amejinya, analia, na hakuonyesha kumwogopa mmoja kuliko mwingine.

Watu walisimama tu. Mimi ndiye niliyepita chini ya kamba. Sijui nilifikaje. Nilimshika Papa mkono wa fimbo kwa mikono yangu miwili, nikasema, "Papa, acha, utamuua." Alinipiga kwa kiwiko bila kuniona. Jino langu la mbele lilivunjika na kipande kikaingia kooni. Nilianguka juu ya kijana, nikasikia jinsi alivyokuwa akikoroma ndani ya damu yake.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoanza kushangilia.

"Mupige, Papa!" alikuwa anaruka juu na chini, uso wake unang'aa. "Mupige! Mupige tena!"

Sijawahi kumwona mtoto mwenye furaha kama ile. Baba yake alikuwa anapiga, na hakuwa anampiga yeye.

Papa aligeuka akamwangalia. Mdogo wangu aliendelea, sasa akipiga makofi. Fimbo ilishuka. Papa alisimama katikati ya uwanja, kanzu yake ina soda na damu na huwezi kujua ipi ni ipi, akimwangalia mtoto wake kama anayemtafutia jina. Walinzi walimkuta hivyo. Walimwangusha, wakampiga mateke mbavuni na kichwani, na wanaume waliokuwa wakicheka sokomutu wakajiunga nao. Papa hakujikinga. Mama ndiye aliyelala juu yake, akipiga kelele kwamba atalipa, atalipa, acheni atalipa.

Alilipa. Yule kijana aliwekwa kwenye kiti cha sokomutu, kitambaa kichwani, taya limehama upande. Alikuwa mtoto wa watu, labda mkubwa wangu kwa miaka miwili. Mama alitoa yote yaliyobaki kwenye kitenge kwa ajili ya hospitali, akaongeza simu yake na hereni zake. Mke wa tajiri alisema hataita polisi siku ya sikukuu, tuondoke tu, tusionekane tena.

Hatukuwa na hela ya pikipiki. Tulirudi kwa miguu. Mahali fulani Papa alikaa kwenye jiwe la kando ya barabara, tukakaa naye. Magari yalitupita. Akaongea juu ya porini, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Walikuwa wanatupigisha makofi," alisema. "Jioni, wakila. Tukipunguza, wanachapa. Yule kijana wangu mikono ilivimba, ikashindwa kukutana. Wakaniambia mimi nimchape ili apige. Nikamchapa."

Hatukuhitaji aongeze.

"Papa ya watoto," alisema Mama, "leo nilikuwa nakuangalia. Nilinunua siku moja. Nilitaka ifike jioni bila kupiga mutu."

Papa aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, sauti ya mtoto: "Na ile soda?"

"Ile soda niliona," alisema Mama. "Niliona vizuri. Mungu ananishuhudia, niliona."

Alilia. Papa alilia. Mdogo wangu aliuliza kama tutarudi tena kuona Papa akimpiga yule mtu, na Mama akamziba mdomo kwa kiganja, taratibu, akakiacha hapo.

"Wapeleke Bukavu," alisema Papa. "Kabla mutoto huyu hajakuwa kama mimi. Wapeleke."

Mama na mdogo wangu waliondoka kwa boti wiki ile ile, kwa nauli iliyotumwa na mjomba. Papa alibeba mizigo hadi bandarini. Mimi nilibaki. Nilimwambia Mama kwamba mtu wa kupika lazima awepo, na mtu wa kuuza sambaza, maana mtaji ulikuwa umebaki beseni tupu. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilikuwa nimemshika Papa mkono akiwa na fimbo, na nilijua sasa kwamba naweza.

Majirani wanasema tulichoma hela. Mama mwenye butike, duka dogo la mbele yetu, huniambia kila akinunua kikombe: "Nyinyi mulienda mbali na mukalipa kwa sababu ya fimbo, na nyumbani mulikuwa nayo bure!" Namfungia sambaza zake tu. Ningejibu kwamba nyumbani tusingejua. Tungeendelea kufunga mlango taratibu na kuficha sahani, tukidhani kosa ni la sahani. Siku ile tuliona Papa alipo na kilichomshika. Ilitugharimu mtaji, jino langu, na taya la mtoto wa watu, ambaye hakutuomba tumtumie kwa jambo letu. Hilo la mwisho sijui nalipimaje. Papa hupeleka hela kidogo pale mlangoni kila akipata kibarua cha kupakua magari, na mlinzi mwenye kofia ya sufu huzipokea bila kumruhusu aingie.

Kila Ijumaa Mama hunipigia kwa simu ya mjomba. Hasalimii kwa muda mrefu, salio ni dogo. Anauliza tu, "Wiki hii je?" Wiki nyingi nimemjibu, "Hakupiga mutu," na nimemsikia akivuta pumzi, na nyuma yake mdogo wangu akiimba na watoto wa mjomba.

Leo Ijumaa nilichelewa kujibu. Jumatano Papa aliota, akaamka ameshika shingo yangu. Nilimwita, "Papa, ni mimi," mara nyingi, mpaka akaachia. Nilimsimulia Mama yote.

"Unamuogopa?" aliuliza.

"Namuogopa."

"Basi sisi hatuji bado," alisema Mama. "Na wewe funga nguo zako. Kesho kuna boti."

Nimezifunga. Papa ameona mfuko karibu na mlango, akauinua kupima uzito wake, akasema kesho atanibebea.