Nyusi za Afande

Mtu akiingia katika nyumba yangu ya wageni pale Nalufenya, mjini Jinja, kitu cha kwanza anachokiona si meza ya mapokezi. Ni stashahada yangu ya uendeshaji wa hoteli, ndani ya fremu, nyuma ya kioo kinachofutwa kila asubuhi. Chini yake kuna cheti cha ukufunzi wa kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Vyote viwili nilivipata katika kisiwa kimoja cha Karibiani, ambako nilifika na begi moja na kuondoka nikiwa bosi wa watu. Katika miaka ile ya tisini, Jinja nzima haikuwa na mtu mwingine mwenye karatasi kama hizo, na hakuna aliyebisha.

Mbale walibisha. Huko ndiko nilikokulia, katika nyumba za askari magereza, kwa kaka yangu mkubwa. Wazazi wetu walipofariki kule Mpumudde, Jinja, kaka alinichukua, akanilisha na kunisomesha. Askari wa pale walitoka kaskazini na mashariki, kila mmoja na lugha yake, kwa hiyo tuliishi kwa Kiswahili, na kila mtu alimwita kaka yangu Afande. Mimi pia nilimwita Afande, hata mezani.

Karibu na lango la gereza kulining'inizwa rimu ya gurudumu la lori. Ilipogongwa mara tatu, taratibu, ulikuwa wakati wa kuhesabu watu. Mfungwa, askari, mke wa askari, wote walisimama pale pale walipo. Hata sisi watoto, tonge likiwa mdomoni, tuliganda. Afande alikuwa akisema mtu anayetembea wakati wa hesabu anataka kupotea.

Niliporudi kutoka ng'ambo nilichinja mbuzi, na majirani wa mtaa wa Namatala wakaja kunipokea. Walikula, wakashiba, kisha wakaanza.

"Eti huyu alikuwa anafundisha Wazungu kupumua," alisema muuza makaa mmoja. "Kwani kabla yake walikuwa wanapumua na nini?"

"Alikuwa anaosha masahani," mwingine akadakia. "Angalia vidole vyake, bado vimekunjamana."

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Nilimtazama Afande anitetee. Alikuwa anachokoa meno.

"Mimi sikuona," alisema. "Askari hawezi kusema kitu hajaona. Siku nikiona, nitasema."

Maneno hayo yalinikaa kifuani kuliko kicheko cha muuza makaa. Ni kweli nilianza na sahani, wala sijawahi kuficha. Kutoka sahani nilihamia kuosha mitungi ya hewa, kisha kuijaza, kisha nikaingia nayo majini, na jioni wenzangu walipokwenda kunywa mimi nilikwenda darasani. Kila hatua niliipanda mwenyewe. Lakini mtu aliyenilea alikuwa hajaiona hata moja, na alikuwa mtu ambaye neno lake Mbale halikurudiwa mara mbili. Kwa hiyo nyumba ya wageni iliposimama vizuri, na yeye alipostaafu, nilikata tiketi mbili za ndege. Sikutaka kumwonyesha picha. Nilitaka aone kwa macho, halafu aseme mbele ya watu wale wale.

Tuliingia kwa lango la mbele katika ile hoteli ya kisiwani nilikofanya kazi, mimi nikiwa na suti. Mhudumu wa mapokezi alimjia Afande na sinia la juisi ya nanasi, akamuuliza kama angependa. Afande akainua nyusi. Yule binti akasubiri, akauliza tena. Afande akainua nyusi tena. Mwishowe binti akatabasamu na kuondoka na sinia lake.

"Hawa watu iko namna gani?" Afande aliniuliza. "Ananipa, mimi nakubali, yeye anaondoka!"

Nilicheka mpaka machozi. Kwetu, kuinua nyusi ni kusema ndiyo. Mtoto wa Kisoga, kabila letu, huanza kujibu hivyo kabla hajajua kuongea. Mimi niliiacha tabia hiyo mwaka wangu wa kwanza kisiwani, baada ya mpishi mkuu kuniuliza kama mimi ni bubu. Nilimfuata binti, nikarudi na juisi.

Siku tatu nilimfundisha Afande katika bwawa la hoteli. Kuogelea alijua tangu utoto, mtoni. Nilimfundisha kupumua kwa mdomo kupitia kile kidomo cha mpira, na kutoa maji yanayoingia kwenye miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua: unabana juu kwa mkono na kupuliza kwa pua. Nilimfundisha alama ya kusema niko salama, yaani kidole cha shahada na gumba vikutane vifanye duara.

"Hiyo ni sifuri," alisema. "Mtu anauliza hali yako, wewe unampa sifuri?"

"Ndiyo alama ya dunia nzima, Afande."

Aliifanya. Nilipomfunga kiunoni ule mkanda wa risasi, yale madini mazito yanayomshusha mzamiaji, akashika vipande vyake na kutikisa kichwa. "Mimi nilirudisha risasi yote siku ya kustaafu. Leo umenivalisha tena."

Sheria ya hoteli ilikuwa kwamba mgeni mpya lazima aongozwe na mkuu wa wazamiaji. Mkuu mwenyewe alikuwa mwanamke wa kisiwa hicho ambaye nilimfundisha kazi mimi. Alinikumbatia mbele ya Afande akaniita mwalimu. Nilimgeukia kaka yangu nione kama amesikia. Alikuwa anakagua mashua.

Tulishuka watatu, polepole, hadi mita kumi na mbili. Maji yalikuwa meupe kama kioo cha dirisha, na matumbawe yamejipanga chini kama vichaka. Afande alitulia vizuri. Samaki wa manjano walipita mbele ya uso wake naye akageuza kichwa kuwafuata, na nikajua sasa anaona, na akifika nyumbani atasema.

Ndipo mkuu wa wazamiaji akamgeukia na kumwonyesha duara la vidole: uko salama?

Afande hakuinua mkono. Nilikuwa pembeni yake, sikuuona uso wake vizuri. Mkuu akauliza tena, safari hii karibu zaidi. Mikono ya Afande ikabaki imekunjwa kifuani, kama alivyokuwa akisimama langoni miaka yote. Nikaona maji yanapanda ndani ya miwani yake, kidogo kidogo, hadi kwenye macho. Mkuu aliuliza mara ya tatu, na maji yakazidi. Nilisogea mbele nikaelewa. Kila alipoulizwa alikuwa anajibu. Alikuwa anainua nyusi, kwa nguvu zaidi kila mara, na ngozi ya kipaji cha uso wake ilipopanda, mpira wa miwani uliachia na bahari ikaingia.

Mkuu hakuweza kujua hilo. Alichokiona ni mgeni asiyejibu, macho yamemtoka, miwani inajaa maji. Alifanya kile nilichomfundisha mwenyewe: akamkamata mkanda wa bega ili ampandishe.

Kumkamata Afande lilikuwa kosa. Maisha yake yote ni yeye aliyekamata watu. Alimpiga kiwiko, akajipinda, kidomo cha hewa kikamtoka na kuelea nyuma ya bega lake. Akatazama juu, kwenye mwanga, akaanza kupiga mateke kwenda huko. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alikuwa amebana pumzi.

Mgeni anaweza kudhani kupanda ndiko kupona. Mtu akipanda mbio huku amebana pumzi, hewa iliyo kifuani inatanuka na kupasua mapafu. Nilishalieleza hilo darasani kwa wageni wengi sana. Sasa nilikuwa naliangalia, na aliyekuwa anakwenda kufa ni mtu aliyenipa tonge langu. Nilimfikia mguu, akaupiga ukanitoka. Mkuu alikuwa chini yangu, ameshika tumbo. Kwa kumshika nisingemweza. Kwa kumwonyesha alama nisingemweza pia, kwa sababu macho yake yalikuwa juu.

Nilichomoa kisu cha kuzamia, nikakigeuza, na kwa mpini wake nikagonga mtungi wangu. Mara moja. Nikasubiri. Mara ya pili. Nikasubiri. Mara ya tatu.

Chuma kikigongwa majini, sauti haina upande, inatoka kila mahali. Miguu ya Afande ilisimama. Mikono ikashuka ubavuni. Akabaki ananing'inia katika maji, wima, kifua mbele, anangoja kuhesabiwa. Ule mkanda wa risasi ukaanza kumrudisha chini polepole, kuelekea kwangu.

Nilimtia kidomo cha pili cha hewa, kile cha akiba, mdomoni, nikabonyeza kitoe maji. Akavuta. Nikasikia pumzi yake kama ya ng'ombe. Nilibana miwani yake juu, naye akakumbuka, akapuliza kwa pua, maji yakashuka, na macho yake yakatokea mekundu, karibu kabisa na yangu. Sikumwonyesha duara lolote. Nilimwinulia nyusi. Akaniinulia nyusi.

Tulipanda pamoja, taratibu, mimi nikimhesabia pumzi kwa vidole.

Kwenye mashua alikaa kitako na mapezi yake ya mpira miguuni. "Huyu mama," akasema, "ananikamata kwa kosa gani?"

Mkuu akavua miwani yake. "Mwambie nilimuuliza mara tatu!"

Nikamtafsiria. "Na mimi nilijibu mara tatu!" akafoka Afande, na kuinua nyusi hadi karibu na nywele, ili aonekane vizuri.

Nilimweleza mkuu maana yake. Akamtazama Afande, kisha akaniambia amezamia na wageni wa kila nchi na hakuna aliyewahi kumjibu kwa kipaji cha uso. Tangu siku hiyo, aliniandikia baadaye, akipata mgeni kutoka pande zetu humkataza kwanza nyusi. Somo hilo halipo katika kitabu chochote cha kuzamia. Limetoka kwangu.

Siku zilizobaki Afande alikaa chini ya mwavuli wa hoteli akinywa juisi, na wahudumu wote walikuwa wameshajifunza kumsoma. Kuhusu bahari hakutamka neno. Ndani ya ndege pia hakutamka. Nilianza kuogopa kwamba nimempeleka mbali kote kule na bado nitabaki muosha masahani.

Mbale nilichinja tena mbuzi. Watu walikuja, wakala, wakashiba. Yule muuza makaa akafuta mikono.

"Haya, Afande. Wewe umefika. Huyu mdogo wako, ni kweli anajua kazi ya chini ya maji, ama ni maneno?"

Afande alikuwa na mfupa mkononi. Aliutafuna, akaumaliza, akauweka kwenye sahani. Kisha akamtazama muuza makaa na kuinua nyusi, mara moja.

Muuza makaa akainamisha kichwa. "Haya bwana," alisema. "Kama ni hivyo."

Mimi nilitaka zaidi. "Ulisema utasema, Afande. Sema basi."

"Nimesema," akajibu, na kusogeza sahani yake niongeze nyama.