Simu ya Upepo ya Baba

Rafiki yangu, wiki iliyopita binti yangu alinionyesha kwenye simu picha ya kiwanda kilichovunjwa Uingereza. Jina la kampuni nililitambua palepale. Lilikuwa limeandikwa kwenye simu ya upepo, redio ya kuitana, ya zahanati yetu kule Dima wa Tayyin, milimani Uarabuni, ambayo baba ndiye aliyekuwa akiiendesha.

Baba alizaliwa Unguja, na kazi ya redio alifundishwa kiwandani kulekule Uingereza. Jioni tukila wali wa nazi, alitusimulia habari za kampuni ile kama za ukoo wetu: ndugu wawili walianza kibandani kwa kutengeneza gramafoni, vita vikawapa kazi ya redio za jeshi, na vita vilipokwisha wakaunda za meli na za hospitali.

Mwaka aliozaliwa mdogo wangu, mvua kubwa ilinyesha milimani. Wadi, lile bonde la mto mkavu, likajaa maji, barabara ya kwenda hospitali mjini Ibra ikakatika. Mama alijifungua salama pale zahanati, lakini damu haikukoma. Muuguzi akatoka, mikono imelowa.

"Mwite daktari wa Ibra. Upesi."

Baba aliita kwa Kiarabu. Mvumo mtupu. Akaita tena. Bibi, mama yake baba, akachungulia nje, akaona waya wa antena umeangushwa na upepo. Hakungoja mtu. Alijifunga kanga kiunoni, akapanda paani kwa ngazi, akauinua waya kwa ufito mrefu.

"Shuka, mama, radi hiyo," baba alimwita.

"Wewe sema na watu wako."

Mvumo ukapungua. Kwa hofu, baba alisahau Kiarabu chote. "Mke wangu anakufa," alisema kwa Kiswahili.

Sauti ya daktari ikajibu kwa Kiswahili cha Unguja: "Tuliza moyo, ndugu yangu. Muuguzi alikande tumbo la uzazi kwa nguvu, asiache. Na mtoto anyonyeshwe sasa hivi."

Baba alimkariria muuguzi kila neno. Mimi nilikuwa nikiitazama midomo ya mama ikizidi kupauka. Helikopta aliyoituma daktari ilipotua, mvua imekatika, mama alikuwa bado hai.

Sasa wadi lina daraja, na zahanati imekuwa ghala la majani ya mbuzi. Kampuni iliuzwa, ikauzwa tena, mpaka jina likafa. Baba na bibi nao wametangulia.

Daktari yule hatukupata kumjua jina wala sura. Miaka yote, kila alipokwenda hospitali ya Ibra, mama alikaa kwenye viti vya wagonjwa akisikiliza madaktari wakipita na mazungumzo yao, akiitafuta sauti ile. Mwishoni Kiswahili kilikuwa hakisikiki tena humo. Hata hivyo alikaa akisikiliza, mpaka alipoitwa jina lake.