Mabano ya PHP na Mkono wa Yaya

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alipokuwa mkimbizi Burundi. Mimi nilijifunza PHP, lugha nyingine ya aina hiyo, hapa mjini Baraka kando ya ziwa, kwenye kompyuta ya mtu aliyekuwa akichapa barua za watu sokoni. Niliishia shule ya msingi, na si msemaji, lakini juu ya PHP nilikuwa nabishana.

"PHP yako iko kama kibanda ya matete," yaya alinicheka. "Kila mutu anachomeka fito mahali anataka."

"Lakini inasimama leo leo. Django yako inalilia internet kama mutoto analilia ziwa ya mama."

Ilikuwa kweli. Faili ya PHP ukiiweka kwenye seva, ukurasa unafunguka. Django, kiunzi cha Python cha kujengea kurasa za mtandaoni, inakuja na mengi tayari, nywila na ukurasa wa msimamizi, lakini haianzi bila vifurushi vyake vya programu, na vifurushi vinatoka mtandaoni. Hata Laravel, kiunzi cha upande wangu wa PHP, niliikataa kwa sababu hiyo.

Vita vilikuwa vinashuka kutoka milimani. Watu walikimbilia ziwani, na ndugu zao hawakujua wamepanda mashua gani. Wenye mashua wakatuomba site ya kuonyesha hayo pale sokoni. Yaya akataka Django. Mnara wa simu wa Baraka ulikuwa umechomwa, kwa hiyo tukapanda mpaka Fizi, penye mtandao, tukapakua vifurushi kwenye flash.

Njiani wapiganaji wa porini walikuwa wananyang'anya simu na chochote cha umeme. Dawa yake kwetu kila mtu anaijua: kitu kidogo unakificha ndani ya donge la bugali. Yaya akaikandia flash katikati, akafunga kwa jani la mgomba. Tulisahau kwamba watu wa porini wana njaa.

"Mulibeba nini?" aliuliza kijana mwenye bunduki kwenye kizuizi.

"Bugali, chef."

"Leta."

Akauma. Jino likagonga chuma. Akatema unga na damu, akaitazama flash.

"Mupelelezi! Unapelekea nani habari?"

"Ni ya site ya mashua, chef. Ni Python tu."

"Ulificha na mukono gani?"

Mwenzake wa kijana yule akacheka: "Ule wa kulia. Si ndio anakulia?"

Wakaulaza mkono wa yaya juu ya jiwe. Kitako cha bunduki kiliposhuka nilisikia mfupa. Nikaruka mbele, nikapigwa teke la tumbo, nikaanguka. Kikashuka tena na tena. Flash nayo wakaisaga pale pale, kwenye damu yake. Kisha wakakaa chini, wakamaliza bugali.

Daktari aliukata mkono juu ya kifundo.

Kidonda kilipoanza kukauka, yaya alikaa mbele ya kompyuta. "PHP yako imeshinda, mudogo. Nionyeshe."

Alijaribu. Kwenye kibodi yetu ya Kifaransa, bano la PHP, lile la mawimbi, linataka kidole kimoja chini kulia, kingine juu kwenye namba. Mkono wa kushoto ukatanuka kama kaa, ukateleza. Akajaribu mpaka akaipiga meza kwa kigutu, bandeji ikalowa damu. Tangu wakati ule sikubishana tena. Python haitaki mabano yale kufunga kila kipande. Unaweka nukta mbili, unashuka mstari, unaingia ndani kidogo.

Mtandao uliporudi nilipakua vifurushi mwenyewe. Yaya anaandika kwa mkono mmoja. Mimi nina miwili, lakini naandika polepole tangu shule, kwa hiyo tunafika pamoja.

"Harakisha, kobe," ananiambia.

"Nakungoja weye, yaya."

Herufi ikimkalia mbali, ananinyooshea kidevu, nami naibonyeza.