Yule Msichana wa Mtoni Alivuka

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Waliokuwa ndani ya kibanda cha filamu siku ile wengi wao bado wako hapa Rubondo, kambi yetu ya wakimbizi, na ukiona nimeongeza chumvi, nenda uwaulize. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, na mara nyingi sijiamini hata kwa vitu nilivyoviona kwa macho yangu. Kwa hiyo nitakuambia nilichoona, halafu nitakuambia pia pale ambapo huenda nilikosea. Lakini jambo lilitokea. Niamini.

Kazi yangu ni kutafsiri filamu. Huku Uganda mtu wa kazi hiyo anaitwa vijee. Anakaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi, filamu inasema Kiingereza, yeye anaisema upya kwa lugha ya watu. Mimi naisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo, katika kibanda cha Papa Bahati, nyumba ya udongo yenye mabati, madirisha yake yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usiingie. Kiingereza changu? Kidogo. Nisipoelewa najaza mwenyewe. Watu wanajua, na hawakasiriki, ilimradi nisinyamaze.

Wakati ule filamu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zamani sana, ndefu, ya kaseti mbili. Tuliiita Filamu ya Mto. Mfalme anafukuzwa mjini kwake, na watu wake wote, maelfu, wanamfuata kwa miguu, na mbuzi, na vyungu, na wazee mgongoni. Unashangaa kwa nini sisi tuliipenda? Ndani yake kulikuwa na vita na farasi na harusi, lakini watu walikuja kwa ajili ya kuvuka mto. Kati ya wanaoingia majini kuna msichana mwenye kitambaa kichwani. Maji yanamfika kifuani, na hapo ndipo kaseti ilipokuwa imeliwa kwa kurudishwa na kurudishwa. Chenga tupu. Picha ikirudi, watu wako ng'ambo wanawasha moto, na msichana haonekani.

Basi mimi nilisema nini? Siku nyingine nilisema maji yamemchukua. Siku nyingine nilisema amevuka. Ilitegemea moyo wangu umeamkaje.

"Vijee! Jana alikufa, leo amefufuka?" mtu alipiga kelele gizani.

"Mungoje kesho, atamuozesha bwana!" mwingine alijibu, na kibanda kizima kikacheka.

Mama yangu hakucheka. Alikaa siku zote nyuma kabisa, kwenye kigoda, ameegemea ukuta, maana mgongo ulimsumbua. Fasi ya nyuma ndiyo fasi ya heshima kwetu: unaegemea, na spika haikupigi masikioni. Wageni waliotoka juzi Kabazana, kituo cha kupokea wakimbizi wapya, ndio walikaa mbele, chini, juu ya mkeka.

Lazima ujue habari ya mama, la sivyo hutaelewa. Tulipokimbia Kivu ya Kusini mwaka 1996, tulivuka mto jioni, sisi watatu. Mimi mbele na sufuria kichwani, mama katikati, na nyuma yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, Nabintu, ameshika ncha ya kitenge cha mama. Tulipofika ng'ambo mama alipapasa nyuma, akakuta kitenge peke yake. Hakuna aliyemwona Nabintu akizama. Hakuna aliyemwona akitoka. Tangu siku hiyo mama hakukubali matanga yafanywe, wala mchungaji amtaje pamoja na marehemu. Na jina la Mama Nabintu alilifunga moyoni. Hapa Rubondo watu walimuita Mama Vijee, kwa ajili yangu.

Kila nilipomuua yule msichana wa filamu kwenye maiki, nikifika nyumbani mama alinisubiri.

"Ulimuona anakufa?"

"Hapana, mama. Picha haionekane."

"Basi nyamaza. Haukuona, usiseme."

Macho yake yenyewe yalikuwa yanaingia ukungu, mwaka hadi mwaka. Alikuwa bado anatofautisha mtu na mti, lakini si mtu na mtu. Akaniambia hataki kitu kingine kwangu, si nguo, si sabuni. Anataka kuona mara moja tu, kabla ukungu haujafunga, kama yule mtoto alivuka au hakuvuka. Unaweza kusema ni filamu tu. Mimi pia nilisema hivyo. Alinitazama mpaka nikaona haya.

Nikaanza kuuliza mjini Mbarara, kila nilipokwenda kutafuta filamu. Muuza diski mmoja, Mnyankore mcheshi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, aliitafuta muda mrefu sana. Siku moja akanipungia mkono toka mbali, akiniita bwana kwa lugha yake.

"Ssebo! Ile yako imekuja. Hii iko orijino, wamesafisha picha yote. Utaona hata jasho ya farasi."

Nilidhani ni maneno ya biashara. Ni haki niseme: hakuongeza hata neno moja.

Tuliionyesha mchana, msimu wa mvua, na mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Kibanda kilijaa, maana mashambani hapafanyiki kitu siku kama hiyo. Papa Bahati alikaa mlangoni akilinda jenereta na kipande cha turubai. Na picha ilipofunguka, watu wangu, sijui nikuambie nini. Miaka yote tulikuwa tunatazama ile filamu kupitia gunia. Sasa mtu ameondoa gunia. Vazi la malkia, ambalo siku zote nililiita jeusi, lilikuwa buluu kama ziwa asubuhi. Mfalme alikuwa na kovu juu ya jicho. Watu wa nyuma kabisa, tuliowadhani kuwa kichaka, walikuwa na nyuso, kila mmoja na uso wake. Mmoja anapiga miayo, mmoja anamfunga mtoto kamba ya kiatu. Na farasi walikuwa na jasho kweli. Nilikuwa natafsiri huku nacheka peke yangu kwa furaha.

"Vijee, kumbe mufalme ni muzee hivi! Na wewe ulitudanganya ni kijana!"

"Ameshazeeka, munamutazama tangu zamani!" nilijibu, na mama pia akacheka, kule nyuma.

Tulikuwa tunakaribia mto nilipomwona dada mmoja nisiyemjua.

Alisimama karibu na kigoda cha mama. Mwanamke kijana, miaka ishirini na kitu, kitenge cha kawaida. Nilimtazama kwa mwanga wa televisheni, na kitu kimoja kilinishika: hakuwa amelowa. Nje mvua ilikuwa ya kupasua mabati, na kitenge chake kilikuwa kikavu kama kimetoka sandukuni. Papa Bahati anasema hakuna mtu aliyempita mlangoni. Lakini niseme kwa haki, Papa Bahati alikuwa anainuka mara kwa mara kurekebisha turubai, na anaweza kuwa hakuona.

Akamwinamia mama. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini niliisikia juu ya spika, na hilo sijui kulieleza.

"Mama Nabintu, simama. Kuya mbele, umuone mutoto."

Mama Nabintu. Nani Rubondo alijua jina hilo? Huenda mama aliwahi kumwambia mtu, Kabazana, siku zile za kwanza. Huenda. Mama anasema hapana.

Mama alisimama. Yeye ambaye mgongo wake haukumruhusu hata kusogeza kigoda! Dada akamshika mkono, kisha akawageukia wa safu ya nyuma.

"Na ninyi, munaona nini kutoka huko? Kuyeni karibu! Picha ya leo iko na mambo madogo madogo mingi."

"Dada, sisi tuko fasi yetu," mzee mmoja alinung'unika.

"Na fasi yenu itawaonyesha nini, papa? Migongo ya batu?"

Watu wakacheka, na wakati wanacheka wakainuka. Najua watu wangu: ungewaambia kuna hatari wangebishana mpaka jioni. Lakini ukiwaambia wenzao wanaona kitu ambacho wao hawakioni, wanakuja. Safu yote ya nyuma ikaja, ikajibana na wageni wa Kabazana kwenye mkeka, magoti kwa magoti. Mama akakaa karibu kabisa na kioo, uso wake umekuwa buluu kwa mwanga, mkono wake bado ndani ya mkono wa yule dada.

Halafu mto.

Hapakuwa na chenga. Kitambaa cha msichana kilikuwa chekundu, hatukuwahi kujua. Maji yakamfika kifuani, yakamfika shingoni, na mimi nikanyamaza. Mara ya kwanza katika kazi yangu nilinyamaza, na hakuna aliyenizomea. Kichwa chake kikaingia majini. Kitambaa chekundu kikaelea peke yake. Nikasikia mama anapumua kwa shida. Kisha mkono ukatoka ukashika mzizi wa mti ng'ambo, na mkono wa pili, na yule mtoto akajivuta juu, akasimama kwenye matope, akageuka akatutazama, maji yanadondoka kidevuni.

"Amevuka," mama akasema.

"Amevuka!" nikasema kwenye maiki.

Kibanda kikalipuka kwa vigelegele. Na katikati ya vigelegele ukuta wa nyuma ukaanguka.

Haukupiga kishindo unachokifikiria. Ulitoa sauti kama ng'ombe anayejilaza. Ghafla kukawa na mwanga wa mchana na mvua usoni mwetu, na pale pa fasi ya heshima, tangu kona mpaka kona, kulikuwa na rundo la udongo mzito unaofika kiunoni. Kigoda cha mama tulikifukua baadaye. Kilikuwa vipande.

Hakuumia hata mtu mmoja. Soma tena: hata mmoja.

Sababu ya ukuta ninaijua, si ya ajabu. Hapa kwetu mtu akijenga anachimba udongo palepale nyuma ya ukuta, ili asiubebe toka mbali. Shimo linabaki. Mvua ikija shimo linakuwa dimbwi, na dimbwi linakula mguu wa ukuta taratibu. Papa Bahati alifanya kama sisi sote tunavyofanya. Kwa hiyo ukuta ungeanguka tu. Swali langu ni moja: nani aliwaondoa watu?

Yule dada tulimtafuta. Hakuwepo. Mama alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, amekunja vidole kama mtu aliyeshika kitu.

Jumapili tulitoa shukrani kanisani, na tuliimba mpaka tukapoteza sauti. Baada ya ibada jirani yetu mmoja, mama wa heshima, alimkumbatia mama akamwambia, "Pole na asante kwa Mungu, mama. Ule ulikuwa muzimu wa binti yako."

Mama akamtoa mikono mabegani, polepole.

"Muzimu uko na mukono wa baridi. Ule mukono ulikuwa wa moto, na ulikuwa na jasho. Mutu mwenye jasho ni muzima."

 

Sasa nifike pale panaponisumbua. Diski ilipona, televisheni ilipona, lakini jenereta iliingia maji. Nikaenda Mbarara na diski ileile kwa yule aliyeniuzia, kumshukuru, na nikamwomba aniwekee filamu kwenye televisheni yake kubwa, pale pa mtoni tu. Akaiweka. Kitambaa chekundu. Maji kifuani, maji shingoni. Halafu picha inakwenda kwa mfalme, uso wake, kovu lake. Halafu mioto ya ng'ambo. Basi. Hakuna mzizi, hakuna mkono, hakuna mtoto anayegeuka. Filamu haisemi kama alikufa, wala haisemi kama alivuka. Nilimwomba arudishe, na arudishe tena.

"Ssebo, unatafuta nani?"

"Mtu mmoja."

"Hii filamu iko na watu mingi. Tafuta polepole," akasema, akanisogezea kiti. Namshukuru mpaka leo kwa kiti kile.

Niliporudi niliwauliza watu mmojammoja, kila mtu peke yake. Waliokaa mbele waliniambia mzizi, mkono, maji kidevuni. Mzee mmoja alisema yeye hakuona kitu, kichwa cha mtu kilimziba. Na huenda wengine waliona kwa sababu mimi nilisema. Nimelifikiria sana hilo. Sijui.

Mama nilimwambia ukweli wa Mbarara, maana kumficha ningeshindwa. Nilidhani atalia. Alitabasamu.

"Basi ile haikukuwa filamu," akasema.

Ukungu ulifunga macho yake kabla ya masika mengine. Hakulalamika. Anasema alichotaka kuona alikiona, tena kisafi, na rangi yake. Watu wote sasa wanamuita Mama Nabintu, na akiitwa hivyo anaitika haraka kama msichana. Papa Bahati alijenga ukuta mpya, na udongo wake ulitoka mbali, kwa mkokoteni. Filamu ya Mto bado naionyesha, na kibanda bado kinajaa. Lakini msichana akiingia majini naweka maiki chini. Watu wanajua, wananyamaza pamoja nami, mpaka mioto ya ng'ambo iwake.

Wewe unayesoma, chukua hili. Ukiwa umekaa fasi yako nzuri, umeegemea, na mtu usiyemjua akakuambia usogee uone vizuri zaidi, usimuulize ametokea wapi. Simama. Na kama umepoteza mtu, au kazi yako ni kusema habari za watu kama mimi, usimwite marehemu mtu ambaye hukumwona akifa. Anaweza kuwa amesimama nyuma yako sasa hivi, kitenge kikavu, anasikiliza utasema nini.