Nani aliyeuchagua wimbo huu?

Saa tatu kasorobo asubuhi, Levina Theodori anausikiliza mwisho wa wimbo mmoja kwa mara ya nne. Hausikilizi wote. Anausogeza mpaka zibaki sekunde kumi, anafumba macho, anangoja gitaa linyamaze. Kisha anafungua wimbo mwingine, anasikiliza sekunde kumi za mwanzo na kutikisa kichwa.

"Hawa hawawezi kukaa jirani," anasema. "Huyu anaondoka analia, huyu anaingia na vigelegele. Hata nyumbani kwako usingewakalisha mkeka mmoja."

Anaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu. Safu ya kwanza ni namba ya wimbo. Ya pili ameiita kichwa, yaani unavyoanza. Ya tatu ni mkia, yaani unavyoisha. Ya nne ndiyo inayomchukulia muda: wimbo huu usifuate nini. Leo ameanzia namba 1,461. Kompyuta ya Masuke FM, redio ndogo iliyopo kata ya Lumemo mjini Ifakara, ina nyimbo 2,140.

Daftari hilo ndilo litakaloamua kama Levina atabaki redioni. Mwisho wa Novemba hii mkurugenzi wake atalikagua. Akiwa amemaliza, atarudishiwa kipindi chake cha jioni cha saa moja, achague nyimbo mwenyewe na kuzungumza na wasikilizaji kama zamani. Akiwa hajamaliza, kituo kitanunua orodha ya nyimbo iliyopangwa tayari Dar es Salaam, na hapatakuwa tena na kazi ya mtu wa kupanga.

"Sijui kama nitawahi," anasema bila kuinua macho. "Umeme ukiwepo, nafanya nyimbo thelathini kwa siku. Usipokuwepo, nanoa penseli."

Levina ana miaka 46. Alizaliwa Mchombe, njia ya Mlimba, katika nyumba ya wakulima wa mpunga, na hakusomea utangazaji. Alianza redioni akiuza kadi za salamu dirishani. Siku moja mtangazaji wa jioni aliugua malaria, na kwa kuwa Levina ndiye aliyeweza kusoma mwandiko wa kila mteja, akaambiwa aingie azisome yeye. Aliingia. Akakaa miaka kumi na moja.

Kadi zilipokwisha, salamu zikaja kwa ujumbe wa simu, lakini kazi ilibaki ile ile. Alijua nani wa Katindiuka anamsalimia nani wa Malinyi, nani amegombana na shemeji yake na anataka kupatana bila kusema samahani. Kwa huyo aliutafuta wimbo unaofaa.

Machi mwaka huu mambo yalibadilika. Watangazaji wawili walipata kazi Morogoro mwezi huo huo, na Masuke FM ikaanza kupiga kile ilichokiita mchanganyiko: dansi la zamani, kisha injili, kisha taarab, kisha bongo fleva, kutwa nzima. Kila baada ya nyimbo tano linatajwa jina la kituo, yanapita matangazo, na nyimbo zinaendelea. Mtangazaji hayupo, ila msomaji wa matangazo ya vifo jioni. Kompyuta ndiyo inayochagua.

Mshahara wa Levina haukuguswa, ni ule ule wa laki mbili na nusu. Kilichoondolewa ni sauti yake.

Mkurugenzi, Sadallah Amiri, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na hakubali kwamba mchanganyiko ni uvivu.

"Simu inakupa unachokitaka," anasema. "Redio inakupa ulichokisahau. Siku moja niko dukani nahesabu nondo, ukapigwa wimbo ambao marehemu mama alikuwa akiuimba akipeta mchele. Sijausikia miaka thelathini. Nondo zikanipotea, mteja ananitazama, nikamwambia tuanze upya. Sasa niambie, huo si ubunifu?"

Levina, aliyekuwa akisikiliza kutoka mezani kwake, hakumbishia.

"Ni ubunifu, bosi. Siku ya kwanza."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili nenda Katindiuka kwa Nazari."

Nazari ni fundi baiskeli. Redio yake inaning'inia kwenye msumari juu ya ndoo ya maji anayotumia kutafutia pancha. Mwanzoni, anasema, yeye na fundi mwenzake Eustaki waliupenda mchanganyiko kupita kiasi, hata chai walikunywa kwa zamu wasikose wimbo. Baada ya miezi miwili wakaanza kubeti soda.

"Ngoja uone," anasema, mkono mmoja ndani ya ndoo. Redioni taarab inaelekea ukingoni. "Sasa anakuja yule mama wa injili, wa kinanda."

"Haji," anasema Eustaki. "Alikuja asubuhi."

"Weka soda."

"Ninaweka."

Taarab ikaisha. Kinanda kikaingia.

"Nazari wewe ni mchawi!"

"Uchawi gani? Hii mashine ina njia yake kama ng'ombe wa Msukuma. Jioni inarudi zizini kwa njia ile ile. Siku moja nilikunywa soda tatu mpaka nikaumwa tumbo." Anaitoa tyubu majini na kuifuta. "Mwambie Mama Valentino arudi. Yule ulikuwa humbeti."

Levina, ambaye watu wengi humwita kwa jina la mwanawe huyo, anaijua sababu. Nyimbo karibu mia tatu tu ndizo zilizokuwa zimeandikiwa maelezo kwenye kompyuta. Zilizobaki hazikuwa na jina wala mwaka, hivyo mashine ilizipita na kuzunguka zile zile. Ghala lilikuwa limejaa, lakini kilichokuwa kikipikwa ni debe moja.

Hata hivyo, hakulianza daftari lake kwa ajili ya soda za Nazari. Alilianza kwa sababu ya Oliva.

Septemba alifariki Mzee Beatus, mkulima wa Lumemo, na tangazo la kifo chake likasomwa saa kumi na moja jioni. Katika bonde hili tanzia husikilizwa na walio msibani pia. Wanakaa uani na redio katikati, kuhakikisha kwamba majina ya ndugu wa Mlimba na Mahenge yametajwa yote na hakuna aliyerukwa. Siku hiyo majina yalitajwa vizuri, saa ya mazishi ikatajwa, na msomaji akanyamaza. Mashine ikaleta wimbo wa kumuaga bibi harusi, ule unaoanza na vigelegele.

Siku tatu baada ya mazishi, Oliva, binti wa marehemu, alifika kituoni kwa miguu. Hakugomba. Alikaa kwenye kiti cha wageni, khanga imefungwa kiunoni, akaomba maji.

"Wajukuu walisimama wakaanza kucheza," alimwambia Levina. "Wimbo wenyewe ni wa kucheza, watoto wana kosa gani? Sisi wakubwa hatukujua tuwakataze nini. Nimekuja kuuliza jambo moja tu, dada. Nani aliyeuchagua wimbo ule?"

"Hakuna aliyeuchagua, dada yangu. Ni mashine."

Oliva alimaliza maji, akaiweka glasi chini.

"Ningefurahi kama kuna mtu alikosea," alisema. "Mtu ningemsamehe."

Levina anasema maneno hayo alilala nayo na kuamka nayo. Kesho yake aliingia ofisini kwa mkurugenzi na kumwomba ruhusa ya kuusikiliza kila wimbo ulio kwenye kompyuta na kuuandikia majirani zake. Ndipo yalipofanyika makubaliano ya mwisho wa Novemba.

"Mimi sipingani na mchanganyiko," anasema. "Mama yangu akipika anachanganya. Lakini anajua kinachoanza kuingia sufuriani. Nadhani mchanganyiko unaweza kudumu kama kuna mtu nyuma yake anayemfikiria msikilizaji. Akikosekana, watu wanaanza kunywa soda." Anafikiri kidogo. "Au pengine nakosea. Pengine wataizoea. Watu huzoea mambo mengi."

Wimbo uliomshinda kuupata ni wa kufuata tanzia. Alijaribu nyimbo za huzuni, akaona zinamfundisha mfiwa kulia wakati analia tayari. Alijaribu za dini, akakumbuka kwamba wengine wanazika kwa Wakatoliki wa parokiani na wengine kwa sheikh. Mwishowe akaamua kwamba kisifuate kitu. Kinafaa kimya.

Kimya nacho kikakataliwa, na mashine. Hilary, fundi mitambo wa kituo, alimweleza kwamba kompyuta ikikosa sauti kwa sekunde nane inadhani kuna hitilafu, na inarukia wimbo wowote ulio karibu.

"Kwa hiyo haijui mtu anayenyamaza kwa heshima?" Levina aliuliza.

"Inajua waya uliokatika tu, mama."

Wiki mbili zilizopita, siku iliyonyesha mvua ya kwanza, Levina aliingia studio, akafungua dirisha na kuwasha maikrofoni. Hakusema neno. Zikarekodiwa sekunde thelathini: matone kwenye bati, kuku wa jirani anayekimbilia barazani, mashine ya kukoboa mpunga ikisikika kwa mbali. Karibu na mwisho inasikika pumzi ya mtu anayetaka kuanza kusema.

"Hiyo ilikuwa bahati mbaya," anasema na kutabasamu. "Miaka kumi na moja, taa nyekundu ikiwaka navuta pumzi, nasema 'Jioni njema, bonde letu.' Mwili ukafanya mazoea yake. Nikakumbuka sina cha kusema."

Hilary alitaka kuikata pumzi hiyo. Levina alisema iachwe.

Mkurugenzi aliposikiliza, aliguna. "Dada Levina, kwa hiyo umeme tunaulipia turushe mvua?"

"Na kuku, bosi."

Sadallah alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ijaribiwe, ingawa haamini kwamba msikilizaji ataivumilia. Ikawekwa kwenye kompyuta kama wimbo namba 2,141, wenye jirani mmoja tu: tanzia.

Wiki nzima hakukuwa na tanzia. Leo ipo.

Saa sita umeme unakatika, na Levina ananoa penseli. Unarudi saa tisa na nusu. Saa kumi na moja jioni tangazo linasomwa, la mama mmoja wa Mang'ula. Majina ya ndugu yanapita taratibu. Levina ameweka kalamu chini, mikono mapajani. Msomaji ananyamaza, na mvua inaanza kunyesha redioni wakati nje ni jua kavu. Kuku anapita. Pumzi. Kisha unaingia wimbo aliouchagua wiki iliyopita, wa marimba, usio na maneno.

Hakuna anayepiga simu kulalamika. Hakuna anayepiga kusifu. Baada ya dakika tano, simu ya Levina mwenyewe inaita. Ni mama yake, Digna, mwenye miaka 73, kutoka Mchombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo aliyevuta pumzi redioni ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Umejuaje?"

"Swali gani hilo? Una kifua."

"Ni vumbi tu. Mbona jana kwenye simu hukusema nina kifua?"

"Kwenye simu unakuja umejipanga. 'Mama mimi mzima, mama usiwe na wasiwasi.' Redioni hukuwa unanipangia. Nilikuwa natoka shambani, nawasha, nasikia unavyovuta hewa, najua kama umelala vizuri au hukulala. Tangu Machi nawasha, nasikiliza watu wengine, nazima." Anasikika akimfukuza mbuzi. "Leo nimesimama hapa na jembe mkononi. Kesho utakuwepo?"

"Hiyo ni ya tanzia, mama. Mpaka kuwe na msiba."

Upande wa pili kunakuwa kimya, na hakuna mashine ya kukirukia.

"Basi hapana," anasema Digna. "Sitaki mtoto wa mwenzangu afe ndipo nimsikie wangu. Hilo daftari lako limefika wapi?"

"Namba 1,472."

"Kati ya ngapi?"

"2,140."

"Mh. Kunywa maji ya moto, ulale mapema. Tutapandikiza Januari. Nataka jioni nikitoka majini nikukute."

Levina anaweka simu juu ya daftari. Zimebaki nyimbo 668 na siku za kazi ishirini na mbili, na kwa mwendo wake wa siku zenye umeme hesabu inapungukiwa na nyimbo nane. Anasema saa yake ikirudi ataianzisha bila wimbo wowote, kwa neno lile lile alilolizoea. Anasema pia kwamba angependa kwenda Mchombe na kinasa sauti, awarekodi wanawake wakiimba huku wakipandikiza mpunga, kwa sababu katika nyimbo zote alizopitia, za Kindamba na Kipogoro hazifiki kumi. Hilo ni la baadaye.

Anafungua namba 1,473. Ni dansi la zamani, saksafoni inaingia polepole. Anaandika kichwa. Anausogeza wimbo hadi sekunde kumi za mwisho, anafumba macho. Mlangoni Hilary ameshika funguo, anamngoja atoke ili afunge ofisi.

"Mama Valentino, tuondoke, jua linazama."

"Mkia wake sijausikia."

"Utausikia kesho."

Levina anaweka rula katikati ya daftari, kwenye mstari wenye kichwa bila mkia, na kulifunika.