Ganda la Chuma Lililokwenda Mongbwalu

Niliondoka Bunia kwa sababu ya mgongo, na wala si wangu. Ni wa mdogo wangu Dieudonné, ambaye nyumbani tunamwita Dieudo, mbebaji wa magunia ya mawe kwenye shimo la dhahabu kule Mongbwalu. Docteur aliupiga picha akasema: miezi mitatu ya kulala, la sivyo mguu wa kushoto, ambao tayari una ganzi, hautamfaa tena. Dieudo akalala kwangu, mtaa wa Shari, siku nne. Ya tano akapanda moto, pikipiki ya abiria, akarudi shimoni.

"Yaya, nikikawia watanitosha mu équipe," aliniambia mimi dada yake, akiogopa kuondolewa kwenye kikosi, na hata chai hakumaliza.

Niwaeleze. Kwenye mdomo wa shimo lao kuna mti umesimikwa. Mbebaji akiugua hutundika pale ngata yake, kile kitambaa anachokunja na kuweka begani chini ya gunia. Ngata ikiwa inaning'inia, hakuna anayechukua nafasi yake. Desturi nzuri hiyo. Ila mwenye shimo ana macho ya ajabu: wiki ikipita anaona ngata imechafuka, anaitupa, na mwenyewe akirudi anakuta mtu mwingine.

Mwezi huohuo akatua Bunia ingénieur Placide kutoka Kinshasa, na sanduku refu linalokufanya utake kuuliza nani amefariki. Ndani yake mlikuwa na mashini ya kuvaa: fito za chuma kutoka mabegani mpaka kwenye nyayo, springi magotini, mikanda kila mahali. Exosquelette, alisema, mifupa ya nje. Inapokea nusu ya mzigo na kuupeleka chini bila kupitia mgongoni. Mradi wake ulitaka shimo la kujaribia na mtu wa kutafsiri. Mimi ni mwalimu wa biologie, kila mwaka nachora kaa na ganda lake ubaoni. Nilimtajia jina la Dieudo hata kabla hajaniuliza. Ndiyo, mimi huyu. Msitafute mwingine wa kulaumu.

Saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Bunia kwa jeep, sanduku likiwa limelala katikati yetu. Njia nzima ingénieur alinifundisha wadudu. Eti mende anabeba mzigo mkubwa kuliko yeye kwa sababu amevaa mifupa yake kama koti, misuli ikishikilia kwa ndani, na mradi wao umemwiga. Nilimwuliza kama amewahi kumkamata huyo mende. Akasema ameona video.

Saa tatu, Iga Barrière. Kamba ilikuwa imekatiza njia. Askari akataka sanduku lishushwe, na tulilishusha watu wanne, sisi wawili, dereva na mpita njia, tukihema.

"Hii kitu inazuia masasi?" aliuliza, akigusa bunduki yake.

"Hapana, chef."

"Inatembea yenyewe?"

"Hapana, chef. Inasaidia mutu kubeba muzigo."

Akatutazama tulivyoloa jasho. "Na yenyewe, nani anaisaidia?"

Ingénieur akataka nimtafsirie. Nikamwambia chef anatutakia safari njema.

Kando ya kamba mama mmoja alikuwa akiuza kaa wa mtoni kwenye beseni. Mmoja alikuwa laini kabisa, ukimgusa anabonyea. Nikamwonyesha ingénieur: huyu ametoka kuvua ganda. Ganda halikui, kwa hiyo mwenyewe akikua lazima alivue, na mpaka jipya likauke anajificha chini ya jiwe, maana siku hizo kila mtu anamla. Ingénieur akatabasamu kwa huruma.

"Erreur de conception, madame, kosa la usanifu. Yetu haina huo udhaifu."

Nilimnunua yule laini, nikamrudisha kwenye mto uliofuata. Hasira tu, si wema.

Alasiri, baada ya matope ambayo sitayaeleza kwa sababu jeep haijanisamehe, tulifika Mongbwalu. Mwenye shimo alitupokea. Kule kila mwenye shimo anaitwa PDG, yaani mkurugenzi mkuu, hata kama ofisi yake yote ni kiti cha plastiki. Ingénieur akamsainisha karatasi: mashini ni mali ya mradi, hakuna mtu wa kuigusa wala kuihamisha bila ruhusa ya ingénieur, na likitokea lolote PDG anawajibika mwenyewe. PDG akasaini kwa herufi kubwa, amefurahi kama siku ya ndoa yake.

Kesho yake asubuhi Dieudo alivaa. Walimfunga mikanda, wakamwekea gunia moja. Akapiga hatua, ya pili, ya kumi. Akageuka kunitafuta, machozi yanamtoka.

"Yaya! Mugongo imenyamaza!"

Wabebaji walipiga makofi na vigelegele. Na mimi nililia, niseme nini? Nilijiona mwalimu wa kwanza wa Bunia aliyemponya mtu kwa somo la kaa.

Siku ya pili, saa mbili, PDG alikuja na gunia la pili.

"Mashini inabeba nusu, si ndiyo? Basi mumuongezee. Mugongo yake itabeba ileile ya zamani, hakuna mutu nimemutesa."

Hesabu ilikuwa safi. Nikamgeukia ingénieur. Alikuwa ameshatoa daftari, anaandika rendement, yaani tija, na kupiga mstari chini yake mara mbili. Nikamwambia Dieudo avue.

"Wanaangalia, yaya," akanijibu kwa sauti ya chini. "Nikivua, mutu mwingine atavaa."

Akaanza kuteremka mteremko wa utelezi. Katikati mguu wa kushoto ukakataa. Magoti ya chuma yakajifunga kama yalivyotengenezwa, na mashini ikabaki imesimama wima, na magunia yake mawili, nzuri kabisa. Ndugu yangu ndiye aliyeanguka, ndani yake. Alining'inia kwenye mikanda, kichwa kifuani, miguu inaburuta.

"Msikate mikanda!" ingénieur alipiga kelele. "Inatoka Ulaya!"

Nilikuwa nimeshachukua kisu cha mama aliyekuwa anakata sombe, majani ya muhogo, pale jirani. Nilikata yote, hata ile isiyohitajika. Bahati, mbebaji mkubwa kuliko wote pale, akampokea Dieudo mikononi. PDG, nyuma yetu, alikuwa anauliza nani anafuata.

Saa saba tulianza kurudi. Dieudo alilala mahali pa sanduku, kwa sababu mashini ilibaki: ingénieur aliamua isubiri mikanda mipya, akamkumbusha PDG ile karatasi. Njia nzima Dieudo hakulalamikia mguu. Alilia nafasi yake.

"Ngata yangu ataitupa, yaya. Miezi mitatu! Ata wiki moja haitafika."

Pale Iga Barrière yule askari alichungulia, akamwona mtu mahali palipokuwa na sanduku, akashusha kamba.

Sasa Dieudo yuko Shari, chumba cha nyuma, kwenye godoro gumu. Nimemkataza kuinua hata sufuria. Docteur anasema bado hajachelewa. Wiki ya tatu Bahati alipiga simu, nikaiweka haut-parleur ili sote tusikie.

"Dieudo, tulitundika ile mashini ku muti, pale ya ngata," alisema. "Siku ileile, wakati yaya yako alikuwa anakupandisha mu jeep, mbele ya ingénieur, na akaandika ibaki palepale. Na ngata yako tuliifungia mu tumbo yake. PDG anapitaka kila asubuhi, anaangalia, anatema mate, anaenda. Kuigusa hawezi. Alisaini!"

Dieudo alicheka mpaka akashika kiuno, nikamfokea atulie.

Mkiniuliza nimejifunza nini huko, jibu ninalo. Nimejifunza kwamba ganda kazi yake si kumbebesha mtu magunia mawili. Ni kulinda mahali pake wakati yeye bado laini. Kaa wa Iga alijua bila daftari, na mimi nimekuwa nikimchora miaka yote hiyo.

Jana kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Tulikitazama siye wawili. Halafu ujumbe wa ingénieur ukaingia: mikanda iko njiani, imefika Kinshasa; ikifika Mongbwalu, mashini itashushwa mtini. Nikamsomea Dieudo.

"Yaya," alisema, bado anakitazama kile kidole, "omba Mungu isifike mbio."